Jinsi Printa ya Waya Mmoja Inavyoweza Kuihudumia Nyumba Nzima

Printa inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB ni chombo cha mtu mmoja. Kompyuta iliyoshikana na waya huo huchapa itakavyo, na vyombo vingine vyote vya nyumbani, hata viwe hatua tatu tu kutoka mezani, huwa kama havina printa. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu kwa muda wa miaka mingi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitunga mitihani yake katika kompyuta mpakato, akaihamishia katika flashi, kisha akaichomeka flashi hiyo katika kompyuta ya mezani. Na iwapo binti yetu wa kidato cha pili alikuwa ameikalia kompyuta hiyo, mama alisubiri. Siku kompyuta ya mezani ilipoharibika, flashi ilipelekwa steshenari, na mtihani ambao haukupaswa kuonwa na mtu yeyote kabla ya siku yake ukabaki ndani ya mashine ya duka ambalo nusu ya wazazi wa mtaa huingia. Aidha, flashi ile ile, kwa kuzunguka katika mashine za watu, ilirudi nyumbani mara mbili ikiwa na virusi vya kompyuta.

Dawa ya adha hiyo haikuwa kununua printa mpya. Printa yetu, ingawa ni ya zaidi ya miaka kumi, ilikuwa bado inachapa vizuri, na tona yake haisumbui kupatikana. Katika makala haya nitaeleza jinsi printa ya namna hiyo inavyoweza kuingizwa katika mtandao wa nyumbani ili kila kompyuta na kila simu ya mkononi iweze kuipelekea kazi. Njia ziko tatu, nazo hazilingani hata kidogo. Ili msomaji aweze kuchagua pasipo kubahatisha, hapana budi tuanze na swali la msingi: ni kitu gani hasa ambacho printa ya USB imekosa hata isiweze kuingia mtandaoni yenyewe?

Haja ya zamani

Yafaa ikumbukwe kwamba haja ya watu wengi kutumia printa moja ni kongwe kuliko kompyuta za nyumbani. Katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kilichokuwa Palo Alto, California, Gary Starkweather alianza mwaka 1971 kuunda printa iliyochora kurasa kwa mwale wa leza. Mashine hiyo ilikuwa ya gharama kubwa mno. Watafiti walikuwa wengi, na kila mmoja alikusudiwa kupewa kompyuta yake, ile iliyoitwa Alto. Mwezi Mei 1973 Robert Metcalfe aliandika waraka ulioeleza namna ya kuziunganisha kompyuta hizo zote kwa waya mmoja, na mfumo huo akauita Ethernet. Mojawapo ya kazi zilizousukuma ni kuzifikisha kurasa za kila Alto kwenye printa ya leza. Kwa hiyo matundu ya waya wa mtandao yaliyo nyuma ya ruta zetu leo ni wajukuu wa haja hii hii tunayoizungumzia.

USB ilizaliwa kwa shabaha nyingine kabisa. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwezi Januari 1996 na kundi la makampuni saba ya Marekani, Kanada na Japani, nia yao ikiwa kuondoa msitu wa plagi za kila namna uliokuwa nyuma ya kompyuta. Katika mpango huo kompyuta ni mwenyeji na vyote vingine ni vifaa. Kifaa hakianzishi mazungumzo. Hungoja kuulizwa, kikajibu, kikanyamaza. Hata umbo la plagi lilipangwa kuilinda kanuni hiyo: upande wa kompyuta plagi ni bapa, upande wa printa ni ya mraba, ili mtu asiweze kuunganisha wenyeji wawili kwa bahati mbaya. Na waya wenyewe haupaswi kuzidi mita 5.

Mtandao wa nyumbani, kwa upande wake, umekaa kama baraza. Kila aliyemo ana anwani, na aweza kumwita mwenzake wakati wowote. Printa ya USB haina anwani, haijui kuitwa kwa jina, na haijui kupanga foleni ya watu wawili walioileta kazi kwa wakati mmoja. Inahitaji mtu wa kati.

Nani huchora ukurasa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba uvumilivu wa msomaji kwa hesabu kidogo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Printa ya leza ya kawaida huweka nukta 600 katika kila inchi, yaani nukta zipatazo 4,960 kwa upana na 7,016 kwa urefu. Ukizidisha utapata nukta karibu milioni 34.8. Kwa printa ya rangi nyeusi pekee kila nukta ni jibu la ndiyo au hapana, hivyo ukurasa mzima ni biti milioni 34.8, au megabaiti 4.35. Lakini barua yenye herufi 2,500, ikihifadhiwa kama herufi tupu, haifiki hata kilobaiti 3. Ni dhahiri basi kwamba mahali fulani kati ya kidole cha mwandishi na karatasi, kitu cha kilobaiti 3 kimegeuzwa kuwa picha kubwa zaidi ya mara elfu moja.

Katika printa za ofisi kubwa ugeuzaji huo hufanyika ndani ya printa. Kompyuta hupeleka maelezo ya ukurasa kwa lugha maalumu, kama vile PostScript iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, na printa, ambayo ina ubongo na kumbukumbu ya kutosha, huyasoma maelezo hayo na kujichorea. Watengenezaji wa printa ndogo za USB walipotaka kupunguza bei, aghalabu waliuondoa ubongo huo. Waliona kwamba mnunuzi tayari anayo kompyuta yenye nguvu. Kwa nini basi alipie ubongo wa pili? Kompyuta ikaachiwa kazi yote ya kuchora nukta, na kuzifunga katika mpangilio ambao printa ya aina hiyo pekee ndiyo iuelewao. Programu inayofanya kazi hiyo ndiyo mafundi waiitayo draiva.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayoonekana kuwa uchawi hufunguka. Utaelewa kwa nini printa iliyotumika vizuri miaka minane hugeuka bubu siku unaponunua kompyuta mpya: waya ni ule ule, ila draiva haipo. Utaelewa pia kwa nini simu ya mkononi, hata ukiitafutia waya wa kuichomeka moja kwa moja, kwa kawaida haina la kuiambia printa hiyo. Kuishirikisha printa ya USB ni kazi mbili, nazo ni kufikisha na kutafsiri. Njia tatu nitakazozieleza hutofautiana zaidi katika hii ya pili.

Ruta yenye tundu la USB

Baadhi ya ruta zina tundu la USB nyuma yake, na wauzaji hupenda kusema kwamba tundu hilo ni la printa. Usemi huo ni kweli nusu. Katika ruta nyingi za namna hiyo, ruta hupokea biti kupitia mtandao, mara nyingi kwa lango namba 9100, ikazimimina katika waya wa USB kama zilivyo. Haitafsiri neno lolote. Kila kompyuta ya nyumbani hulazimika kuwa na draiva yake, na simu hubaki nje. Ruta nyingine hutumia hila ya waya wa kubuni, yaani kompyuta hudanganywa kuwa printa imechomekwa kwake. Hapo mtumiaji mmoja akiishika printa, wengine humngoja aiachie. Programu moja ya hila hiyo, iitwayo NetUSB, ambayo imo katika ruta za makampuni mbalimbali, ilibainika mwaka 2015 kuwa na ufa ulioweza kumpa mtu wa nje utawala wa ruta nzima. Ikiwa nyumbani mna kompyuta mbili tu, zote zina draiva, na ruta mnayo tayari, njia hii yatosha. Nisingeshauri mtu anunue ruta kwa ajili hiyo.

Kompyuta ya mezani kama mlinda mlango

Njia ya pili ndiyo maarufu kuliko zote, kwani haihitaji kununua kitu. Printa hubaki ilipo, na kompyuta yake hufanywa mwenyeji wa wengine. Katika Windows mtu hufungua sifa za printa, akaruhusu ishirikishwe, akaipa jina fupi lisilo na nafasi ndani yake, na kuieleza kompyuta kwamba mtandao ilioungana nao ni wa nyumbani na si wa hadharani. Kompyuta nyingine huifuata kwa kuandika jina la mwenyeji na jina la printa. Jambo la kuangalia ni kwamba kompyuta mgeni, ikiwa haina draiva, huinakili kutoka kwa mwenyeji. Urahisi huo una gharama yake, nasi tutaurudia baadaye.

Kasoro za njia hii ni mbili. Simu za mkononi hazizungumzi lugha ya ushirikishaji ya Windows, hivyo binti yetu na simu yake asingefaidika. Kasoro ya pili ni umeme. Mwenyeji akilala, printa imelala. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60, ikiachwa macho mchana na usiku, hula uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 kwa mwezi wa siku 30. Anayenunua umeme kwa LUKU hahitaji kuelezwa zaidi.

Kompyuta ndogo isiyolala

Njia ya tatu ndiyo tuliyoichagua. Kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kiganja, kama Raspberry Pi iliyoingia sokoni mwaka 2012, hutumia wati 3 hivi ikiwa na kazi nyepesi, ambazo ni uniti zipatazo 2 kwa mwezi. Huchomekwa kando ya printa, haina kioo wala kibodi, na kazi yake ni moja. Kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo yaweza pia kuifanya, ijapokuwa itakula umeme zaidi.

Programu inayoiwezesha huitwa CUPS. Iliandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999. Mwaka 2007 kampuni ya Apple iliinunua, na ndiyo inayochapa katika kompyuta za Mac na katika karibu kila mfumo wa Linux. CUPS hupokea kazi kwa itifaki ya IPP, ambayo ni lugha ya pamoja ya kuchapa, na ambayo toleo lake la kwanza pia ni la mwaka 1999. Tangu mwaka 2010 simu za iPhone hutumia lugha iliyojengwa juu ya itifaki hiyo, na simu za Android zimekuwa na huduma ya namna hiyo ndani yake tangu toleo la 8 la mwaka 2017. Simu huandaa ukurasa kwa mpangilio wa kawaida ambao wote wanauelewa, huupeleka kwa kompyuta ndogo, na kompyuta ndogo, ambayo ndiyo pekee yenye draiva, huuchora kwa nukta ambazo printa yetu kongwe inazifahamu. Mkalimani ni mmoja kwa nyumba nzima. Wengine hawana haja hata ya kujua printa ni ya aina gani.

Katika mfumo endeshi wa Raspberry Pi amri zilizohitajika zilikuwa hizi, ambapo neno «jina» hubadilishwa kuwa jina la mtumiaji wa kompyuta hiyo:

sudo apt install cups
sudo usermod -aG lpadmin jina
sudo cupsctl --remote-admin --share-printers

Baada ya hapo nilikaa mbele ya kompyuta nyingine, nikafungua kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta ndogo ikifuatiwa na lango namba 631. Ukurasa wa CUPS ukafunguka, nikaiongeza printa, nikaweka alama mahali panapouliza kama ishirikishwe. Kazi yote ilichukua muda usiofika saa moja, na nusu yake ilikuwa kutafuta draiva.

Kuhusu draiva hiyo nina onyo. Kompyuta hizi ndogo zina prosesa za jamii ya ARM, ambayo si jamii ya prosesa zilizozoeleka katika kompyuta za mezani. Draiva ambayo mtengenezaji ameitoa ikiwa imefungwa, kwa ajili ya prosesa za mezani pekee, haitafanya kazi hapa. Zinazofaa ni zile zilizo wazi, kama Gutenprint kwa printa nyingi za wino, HPLIP kwa printa za HP, au brlaser kwa printa nyingi za leza za Brother. Kabla ya kutoa shilingi yoyote, mtu aandike namba kamili ya printa yake na kuitafuta katika orodha za draiva hizo. Pia ifahamike kwamba printa yenye skana juu yake itashirikisha uchapaji tu; skana ni habari nyingine yenye programu nyingine.

Je, bando likiisha?

Swali hili niliulizwa na jirani, na nimelisikia kwa wengine wengi. Jibu ni kwamba printa itaendelea kuchapa. Ruta ya nyumbani hufanya kazi mbili ambazo tumezoea kuziona kama moja: huunganisha vyombo vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe, na huunganisha nyumba na intaneti. Kazi ya kuchapa inatoka katika simu, inapita katika ruta, inaingia katika kompyuta ndogo, na haivuki kizingiti cha nyumba. Anwani zinazoanza kwa 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, na hazipitishwi katika intaneti. Kinachotakiwa ni ruta iwe imewashwa.

Wapo waliochagua kupitia nje. Kampuni ya Google iliendesha tangu mwaka 2010 huduma iliyoruhusu waraka kupelekwa kwanza katika mitambo yake na kurudishwa kwenye printa ya nyumbani. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na waliokuwa wameitegemea wakatafuta njia nyingine. Kwa mwalimu mwenye mtihani mkononi, kuupeleka nje ya nchi ili ufike chumba cha pili si jambo ninaloweza kulishauri, hata kama bando lipo.

Lango lifungwe

Watu wengi hudhani kwamba printa si kitu cha kuvutia wezi. Lakini programu inayopanga foleni ya kuchapa huendeshwa kwa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta, na huwa masikio wazi ikingoja kazi kutoka kwa yeyote. Mchanganyiko huo ndio wavamizi waupendao. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 na ambacho kilikusudiwa kuharibu mitambo ya nyuklia ya Iran, kilitumia miongoni mwa njia zake ufa uliokuwamo katika foleni ya printa ya Windows.

Mwaka 2021 jambo hili lilifika majumbani. Katika kiangazi cha nchi za kaskazini ilibainika kwamba ule urahisi wa kusakinisha draiva kupitia mtandao uliweza kutumiwa na mtu mwenye ruhusa ndogo kuingiza programu yake na kuipa mamlaka yote ya kompyuta. Ufa huo ulipewa jina la PrintNightmare. Microsoft ilitoa kiraka cha dharura tarehe 6 Julai 2021, na viraka vingine vikafuata. Kile cha mwezi Septemba kiliziba tundu jingine, lakini kwa kufanya hivyo kikazifanya printa nyingi zilizoshirikishwa zikatae, zikionyesha kosa namba 0x0000011b. Dawa iliyoenea upesi ilikuwa kubadili tarakimu moja katika rejista ya Windows. Nilipokuta fundi mmoja akiifanya katika kompyuta ya rafiki yangu nilimwuliza tarakimu hiyo inafanya nini. Alinijibu kwa moyo safi: «Inafanya printa ikubali.» Ilikuwa kweli, kwani ilikuwa inauzima ulinzi ambao kiraka kilikuja kuuweka. Njia iliyo sawa ilikuwa kusasisha kompyuta zote mbili, mwenyeji na mgeni, na draiva kuwekwa na mwenye mamlaka ya kompyuta.

Nisije nikaonekana ninaupendelea upande mmoja: mwezi Septemba 2024 mtafiti wa Kiitalia, Simone Margaritelli, alitangaza nyufa katika jamii ya programu za CUPS. Mojawapo ya programu hizo, inayotafuta printa mtandaoni, ilikuwa ikipokea tangazo kutoka kwa mtu yeyote aliyebisha hodi katika lango namba 631, na tangazo la uongo liliweza kuishia katika kuendesha amri za mgeni pindi mtu alipochapa. Nyufa hizo zilizibwa kwa masasisho. Kompyuta ndogo isiyo na kioo ni rahisi kusahauliwa kuliko nyingine zote, na ndiyo maana yangu hujisasisha yenyewe kila usiku.

Kanuni ninayoishika ni kwamba lango namba 631 lisifunguliwe katika ruta kuelekea intaneti kwa sababu yoyote ile, hata kama mtu angetamani kuchapa akiwa kazini. Neno la siri la Wi-Fi liwe refu, na wageni wapewe mtandao wao wa wageni kama ruta inaruhusu.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua hadi nilipolikuta. CUPS, ikiachwa kama ilivyokuja, huhifadhi waraka uliochapwa kwa muda wa siku nzima, yaani sekunde 86,400, ili mtu aweze kuuchapa tena. Mtihani wa mke wangu ulikuwa basi unakaa ndani ya kadi ya kumbukumbu hadi kesho yake, na mwenye kujua njia angeweza kuuchapa upya kwa kubonyeza mara moja. Niliongeza katika faili la /etc/cups/cupsd.conf mstari usemao PreserveJobFiles No, nikaianzisha CUPS upya, na tangu hapo waraka hufutwa mara unapomaliza kuchapwa. Hatua ya pili ilikuwa kuihamisha printa kutoka sebuleni, ambako kurasa zilikuwa zikitoka mbele ya watoto wa majirani waliokuja kutazama televisheni. Dhidi ya hilo hakuna itifaki iliyokwisha kubuniwa.

Printa inapopotea

«Baba, printa imepotea kwenye simu.» Sentensi hii nimeisikia mara nyingi, na sababu zake zimekuwa chache. Simu huitafuta printa kwa kupaza sauti ndani ya mtandao, ikitumia anwani maalumu ya 224.0.0.251 ambayo vyombo vyote husikiliza, na printa hujibu kwa jina lake. Sauti hiyo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kama simu imehamia katika mtandao wa wageni, au inatumia data ya kampuni ya simu badala ya Wi-Fi, itaita bila kujibiwa. Katika modemu ndogo za mfukoni ambazo familia nyingi hutumia badala ya ruta, huenda pakawa na mpangilio unaowatenganisha watumiaji wasionane. Usipoondolewa, hakuna printa itakayoonekana hata ukiomba mpaka asubuhi.

Sababu nyingine ni anwani. Ruta hugawa anwani kwa zamu, na baada ya umeme kukatika kompyuta ndogo yaweza kurudi na anwani mpya, huku kompyuta nyingine zikiendelea kugonga mlango wa zamani. Iagizwe ruta iipe kompyuta hiyo anwani ile ile kila siku. Kukatika kwa umeme kuna madhara mengine pia: kadi ya kumbukumbu inayoandikwa wakati umeme unapokatika huweza kuharibika. Yangu iliharibika katika mwaka wa kwanza. Tangu wakati huo nina nakala ya kadi nzima katika droo, nami nimeichomeka kompyuta ndogo pamoja na ruta katika betri ndogo ya akiba.

Faida moja sikuitarajia. Mwezi Septemba 2023 Microsoft ilitangaza mpango wa kuachana hatua kwa hatua na draiva za watengenezaji na kuegemea itifaki ya IPP ambayo printa mpya nyingi huisema. Mwenye printa kongwe ya USB ana haki ya kuwa na wasiwasi akisikia habari kama hiyo. Mwaka jana binti yetu aliletewa na mjomba wake kompyuta mpakato mpya. Aliiunganisha na Wi-Fi, akafungua orodha ya printa, akalikuta jina la printa yetu, akachapa kazi yake ya jiografia pasipo kusakinisha kitu. Kompyuta ile haikuwa na draiva ya printa yetu, wala haikuihitaji, kwa kuwa kwa maoni yake ilikuwa ikizungumza na printa ya kisasa ya IPP. Iliyokuwa ikimjibu ni ile kompyuta ndogo ya kiganja iliyofungwa kwa utepe nyuma ya printa.